Biashara ya Haki Huanza kwenye Mizani

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo hufundishwa watoto ili wajue faida ya uvumilivu na ya kuweka akiba. Lakini ndani yake limo jambo jingine ambalo aghalabu halitajwi, nalo ni kwamba kibaba chenyewe sharti kiwe kibaba. Kama mwenye kupima amekitoboa kitako, basi haba na haba ya mkulima itamiminwa humo kutwa kucha na kisijae kamwe. Mkulima atakuwa amevumilia kwa faida ya mtu mwingine.

Jambo hilo lapaswa kufikiriwa na kila askari, awe wa jeshi au wa polisi, anapolisikia neno "biashara ya haki". Wako wanaodhani kwamba biashara ya haki ni sadaka wanayoitoa matajiri wa Ulaya kwa maskini wa Afrika. Wako wanaodhani kwamba ni alama tu inayobandikwa juu ya pakiti ya kahawa katika maduka ya ng'ambo. Maana yake ni nyepesi kuliko hivyo, na huonekana wazi katika njia moja ya kilometa zipatazo 60, itokayo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hadi mji wa Mbarara, kusini-magharibi ya Uganda.

Makazi ya Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakiyakimbia machafuko ya nchi yao. Tangu hapo yamewapokea Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Leo wamo zaidi ya watu 150,000 katika eneo la kilometa za mraba zipatazo 185, kandokando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Waliotoka Kongo ndio wengi, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu wasiojua lugha za wenzao.

Mkimbizi wa Nakivale hafungiwi ndani ya seng'enge. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi, kufanya biashara na kusafiri. Serikali humpa kipande cha ardhi alime, ingawa vipande hivyo vimezidi kuwa vidogo kadiri watu walivyoongezeka. Hulima mahindi na maharage. Jirani yake, mwenyeji wa Isingiro, hulima ndizi za matoke, kahawa na maharage hayo hayo. Wote wawili wanalitazamia soko moja, yaani Mbarara, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, ambako barabara za kwenda Kampala, Rwanda na mpaka wa Kongo hukutana.

Hapo ndipo swali la haki linapozuka. Na achukuliwe mkulima mmoja wa mfano. Mvua zimechelewa na chakula cha nyumbani kimekwisha. Mtoto anadaiwa karo. Mnunuzi anafika shambani kwa pikipiki wakati maharage yangali yanatoa maua, anataja bei ya chini, na analipa papo hapo. Mkulima anapokea, kwa sababu mwenye njaa hachagui mnunuzi. Msimu unapofika, mnunuzi yule anarudi na gunia lililoongezwa kichwa kwa kamba, lile ambalo Watanzania huliita lumbesa, na analihesabu kuwa gunia moja. Akiwa na mizani, ni mizani yake mwenyewe, na ni yeye peke yake anayesoma sindano.

Hesabu ya hasara hiyo si ngumu. Mizani ikidokoa kilo 3 tu katika kila gunia la kilo 60, mkulima mwenye magunia 20 atapoteza kilo 60, yaani gunia zima. Hakuna mwizi aliyevunja mlango, wala jirani aliyepiga yowe usiku. Gunia limeondoka mchana kweupe, na mwenye gunia ametoa asante.

Dhiki hiyo imezidi katika miaka ya karibuni. Tangu mwaka 2020 Shirika la Chakula Duniani limekuwa likipunguza posho ya wakimbizi nchini Uganda kwa kukosa fedha, na mwezi Mei 2025 karibu wakimbizi milioni moja waliondolewa kabisa katika orodha ya wanaopewa chakula. Mtu aliyekuwa akiuza nusu ya mavuno yake na kula posho, sasa anategemea mavuno peke yake. Zamani bei mbovu ilimpunguzia faida. Sasa inampunguzia mlo. Ni dhahiri kwamba kilo 3 zilizodokolewa mwaka 2019 na kilo 3 zinazodokolewa leo hazina uzito mmoja.

Biashara ya haki iliundwa kwa ajili ya kuziba matundu ya namna hii. Alama yake ya kwanza ilianzishwa nchini Uholanzi mwaka 1988, kwa kuuza kahawa ya wakulima wadogo wa Mexico. Mwaka uliofuata, mwezi Julai 1989, mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya kahawa kati ya nchi na nchi yalivunjika, na bei ikaporomoka. Ilipofika mwaka 2001, tani moja ya kahawa ya robusta iliuzwa mjini London kwa chini ya dola 500. Mamilioni ya wakulima, wakiwemo wa Ankole, waliuza jasho lao kwa hasara.

Utaratibu wa Fairtrade unafanya kazi hivi. Kwanza, huwekwa bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kwenda chini yake. Tangu Agosti 2023 bei hiyo, kwa robusta iliyokaushwa na maganda yake, ni dola 1.20 kwa ratili. Bei ya soko ikiwa juu ya hapo, mnunuzi hulipa ya soko. Pili, huongezwa senti 20 za dola kwa kila ratili, nazo huingia katika mfuko wa chama, na wanachama ndio wanaopiga kura kuamua matumizi yake. Tatu, chama kikiomba, mnunuzi hutakiwa kutanguliza hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba, ili wakulima wasilazimike kukopa kwa walanguzi. Zaidi ya hayo, kazi za kuumiza watoto zinakatazwa, na wanawake wanatakiwa wasibaguliwe.

Mfano wa karibu uko katika nchi ya Ankole yenyewe. Mwaka 2006 vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa viliungana na kuunda chama kikuu kiitwacho kwa kifupi ACPCU, chenye makao yake Sheema, magharibi ya Mbarara. Kabla ya hapo, mkulima alizoea kuuza kiboko. Katika biashara ya kahawa ya Uganda neno hilo si mnyama wala mjeledi. Ni robusta iliyokaushwa na maganda yake, kabla ya kukobolewa. Kiboko hutoa takriban nusu ya uzito wake kuwa kahawa safi. Asiyejua hesabu hiyo humwachia mnunuzi faida yote ya ukoboaji. Kwa kuungana, wakulima waliweza kukusanya, kukoboa, kuchambua na kuuza ng'ambo kwa jina lao, chini ya cheti cha biashara ya haki.

Ng'ambo ya mpaka, mjini Bukoba, chama kikuu cha ushirika cha Kagera, yaani KCU, kilitangulia katika njia hiyo. Chama hicho kilitumia sehemu ya mapato ya biashara ya haki kununua hisa za kiwanda cha kahawa cha TANICA, katika mji huo huo. Wakulima waliokuwa wakiuza punje wakawa na sehemu katika mashine inayozisaga. Tendo hilo halihitaji maelezo marefu.

Hata hivyo, haifai kuipamba biashara ya haki kupita kiasi. Bei inapopanda, chama hupata taabu. Mwezi Septemba 2024 tani ya robusta ilipita dola 5,000 mjini London. Wakati kama huo mlanguzi huja na fedha taslimu mlangoni, ilhali chama hungoja malipo ya meli, na mwanachama hushawishika kuuza kando. Aidha cheti kina gharama. Wakaguzi hulipwa, daftari lazima zitunzwe, na mkulima lazima awe mwanachama wa chama kilichosimama imara. Mkimbizi wa Nakivale mwenye kipande kidogo cha maharage, asiyejua kama mwaka ujao atakuwa hapo au amerudi kwao, yuko mbali na cheti hicho.

Lakini kukosa cheti si kukosa haki. Mambo yanayoifanya biashara iwe ya haki yanaweza kutendwa sokoni Nakivale hata kesho bila ya kumngoja mgeni. Wakulima 30 wanaweza kukusanya maharage yao pamoja, mkimbizi na mwenyeji bila ubaguzi, na kumwita mnunuzi mmoja mkubwa kutoka Mbarara badala ya kuwangoja wachuuzi 30. Wanaweza kununua mizani yao, ikakaguliwa na Shirika la Viwango la Uganda, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Wanaweza kuandika bei ya siku ubaoni mahali pa wazi. Wanaweza kuweka mfuko wa dharura, ili mwenzao mwenye mgonjwa asiuze maua ya maharage. Hayo ndiyo maana halisi ya biashara ya haki, na alama ya kubandika huja baadaye.

Kwa kazi za mikono mlango uko wazi zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilizindua mpango uitwao MADE51, kwa kushirikiana na Shirika la Biashara ya Haki Duniani, ili ususi, ufumaji na ushonaji wa wakimbizi uuzwe katika masoko makubwa kwa malipo yanayostahili. Wilayani Ngara, Tanzania, kampuni ya WomenCraft imewakutanisha wanawake wa Kitanzania na wakimbizi wa Kirundi katika usukaji wa vikapu. Mkono unaosuka hauulizwi hati ya kusafiria.

Sasa, askari anahusika vipi? Anahusika kwa njia tatu, na kila moja ni nzito.

Njia ya kwanza ni tumbo lake. Kambi hula. Mbarara ni mji wa kambi; Makenke ni makao ya Divisheni ya Pili ya jeshi la Uganda. Maharage, unga, maziwa na ndizi vinavyoliwa na askari na jamaa zao hutoka katika mashamba ya jirani. Mke wa askari anapokwenda sokoni, yeye ni mnunuzi kama wanunuzi wengine. Askari akimpunja mama muuza ndizi kwa sababu tu amevaa sare, au akichukua leo kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi kisha mwezi ukaisha kimya, basi ameshaivunja biashara ya haki, hata kama kahawa anayokunywa ina alama kumi. Dawa ya deni ni kulipa.

Njia ya pili ni sheria. Kipimo cha udanganyifu ni kosa la jinai, kama vile kuvunja nyumba ni kosa la jinai. Polisi anayemfukuza mwizi wa kuku kwa bidii, lakini akacheka anapoona mizani iliyochezewa, hajaielewa kazi yake. Vilevile bei ya kahawa inapopanda, wezi huingia mashambani usiku na kuchuma hata mbichi, na mkulima huchuma kabla ya wakati kwa hofu ya kuibiwa. Hivyo kahawa ya wilaya nzima huharibika sifa. Doria moja ya usiku katika msimu wa mavuno yaweza kuwa na faida kwa mkulima kuliko semina nyingi. Na mkimbizi anapofika kituoni kushtaki kwamba amepunjwa, asiulizwe kwanza ametoka nchi gani. Aulizwe amepunjwa nini, na nani.

Njia ya tatu ni barabara. Popote duniani palipo na kizuizi cha barabarani, pana majaribu. Dereva wa lori la maharage anapotoa "chai" mahali pamoja, hailipi kutoka mfukoni mwake. Huitoa katika bei atakayomlipa mkulima safari ijayo. Vizuizi vikiwa vitatu na kila kimoja kikichukua chake, mkulima aliye kilometa 60 nyuma, asiyekiona kizuizi hata kimoja, ndiye aliyelipa vyote. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 inamwadhibu mpokeaji na mtoaji. Lakini kabla ya sheria iko heshima ya sare. Askari aliyesimama barabarani ni sehemu ya mizani. Akiegemea upande mmoja, mizani yote huegemea huko.

Uganda ina funzo lake katika jambo hili, na funzo hilo lilikuwa ghali. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, na maduka na viwanda vyao vikagawiwa watu, wakiwemo wanajeshi wengi. Wananchi wakawaita matajiri hao wapya mafutamingi. Duka lilipomilikiwa na mwenye bunduki, nani angethubutu kuuliza bei? Bidhaa zikaadimika, na magendo ndiyo yakawa uchumi wenyewe. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Mkulima wa Uganda hakuionja neema hiyo, kwa kuwa bei aliyolipwa nyumbani ilikuwa duni. Kahawa nyingi ikatoroshwa kuvuka mpaka, na mahali padogo paitwapo Chepkube, upande wa Kenya, pakawa mashuhuri kwa magendo. Taifa lilikosa fedha za kigeni, mkulima alikosa haki, na jeshi lilikosa heshima. Mwezi Februari 1979, wapiganaji wa Uganda na majeshi ya Tanzania walipoingia Mbarara, utawala ule ulikuwa umekwisha kuoza ndani, na kibaba kilichotobolewa kilikuwa sehemu ya uozo huo.

Askari wa leo wanayo silaha nyingine, nayo ni ushirika. Wanajeshi wa Uganda wana chama chao cha akiba na mikopo kiitwacho Wazalendo. Polisi wana chao kiitwacho Exodus. Mwanachama wa vyama hivyo anajua maana ya kukatwa kidogo kila mwezi, kuuliza hesabu katika mkutano mkuu, na kukopa bila kwenda kwa mwenye riba ya kunyonga. Anajua kwamba shilingi za mmoja hazina sauti, na shilingi za wengi husikika. Mkulima wa Nakivale na wa Isingiro anataka kitu kile kile. Askari anayestaafu na kurudi shambani kwake atakikuta kitu hicho ikiwa tu alikilinda alipokuwa kazini.

Wako watakaosema kwamba mji mmoja hauwezi kubadili biashara ya dunia. Na wasikilize habari ya Garstang, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 2000 wakazi wake walijitangaza kuwa mji wa biashara ya haki, wa kwanza duniani, baada ya maduka, makanisa na shule kukubali kutumia bidhaa zilizonunuliwa kwa haki. Miji mingi ya nchi mbalimbali ikafuata mfano huo. Barani Afrika, New Koforidua ya Ghana, mahali pa wakulima wa kakao, ilitangulia wengine. Hakuna hata mmoja kati ya miji hiyo miwili ulio mkubwa kama Mbarara.

Basi Mbarara, yenye chuo kikuu, mahoteli, shule, makanisa, misikiti na kambi, haikosi uwezo. Hoteli ikiuliza kahawa yake imetoka chama gani, shule ikinunua maharage kwa kikundi cha wakulima badala ya mlanguzi, kambi ikilipa kwa wakati, na polisi ikizikagua mizani za soko, njia ya kilometa 60 itanyooka bila ya kumngoja mfadhili. Wenyeji wa Isingiro na wakimbizi wa Nakivale, ambao mara nyingine hugombania ardhi na kuni, watakuwa na jambo moja la kulilinda pamoja. Na palipo na jambo la kulinda pamoja, kazi ya askari huwa nyepesi.

Mchumia juani hulia kivulini, ndivyo waswahili wasemavyo. Lakini kivuli hicho kina walinzi wake. Mkulima amekwisha kutimiza sehemu yake, kwa maana amechuma, na jua limemwakia mgongoni. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba aliyechuma ndiye atakayekula. Hilo halihitaji amri mpya kutoka makao makuu. Linahitaji askari mmoja katika kila kizuizi, kila soko na kila lango la kambi, ambaye gunia la maharage linapopita mbele yake, hulipitisha likiwa na kilo zile zile lilizokuja nazo.